Nimebadilisha betri ya Vanguard usiku Chalinze, asubuhi dashibodi imejaa taa. Msaada wakuu

Mwalimu_wa_Zamu (Jumamosi, saa 1:20 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Toyota Vanguard ya 2008, injini 2AZ. Huu ni mwaka wa 4 ninalo na halijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na plagi. Jana nilikuwa natoka Dar kurudi Morogoro. Tukasimama Chalinze kunyoosha miguu na kununua mkaa. Narudi kwenye gari, nazungusha ufunguo, nasikia tik tik tik, basi. Betri imekata roho saa 3 usiku, mke yumo, watoto 2 wamo, gunia la mkaa nyuma.

Kijana wa bodaboda akasema anajua duka ambalo bado liko wazi. Akaenda, akarudi na betri kaipakata juu ya tenki kama mtoto. Ikafungwa kwa tochi ya simu, gari likawaka pigo la kwanza, tukafika nyumbani salama.

Leo asubuhi nawasha niende sokoni, naona taa ya cheki injini, ABS (kinga ya tairi kujifunga kwenye breki), VSC (kinga ya gari kuserereka) na ile ya kigari kinachoserereka. Zote za njano. Dirisha la dereva zamani nilikuwa naligusa mara moja linapanda lenyewe, sasa ni mpaka nishikilie. Redio imejifunga, inaandika ERC na kunidai namba. Pale Msamvu kwenye foleni gari limezima mara 2, mshale wa mzunguko unaanguka mpaka karibu 500 halafu kimya.

Nikampelekea fundi mmoja hapa Kihonda. Akachomeka kipande cha waya kwenye ile soketi ya chini ya usukani, taa zikaanza kuwaka na kuzima kama disko, akachomoa, akachomeka tena mara kadhaa. Mwisho akanifuta jasho kwa maneno haya: "Mwalimu, pampu ya ABS imekufa, shoti imepiga wakati mnabadilisha betri." Anataka 850,000 aniletee pampu iliyotumika.

Kabla sijaenda kukopa SACCOS, naomba mawazo yenu. Natanguliza shukrani.

Baharia_Mstaafu

Mwalimu na Vanguard, halafu unalia 850,000. Uza hiyo chuma nunua baiskeli, betri yake ni mapaja.

Mwalimu_wa_Zamu

Baharia, nimecheka lakini kwa uchungu.

Kijiti_cha_Oili

Mkuu tulia kwanza. Umeandika matatizo kama 7 ila usiyaweke kwenye kapu moja, maana hayatoki sehemu moja.

Dirisha, redio na kuzima kwenye foleni ni kumbukumbu imepotea. Betri ilipotolewa, gari lilisahau. Hivyo havina uhusiano na pampu ya ABS hata kidogo.

Dirisha: washa swichi, shusha kioo mpaka chini, kisha vuta swichi juu, kioo kikifika mwisho endelea kushikilia sekunde 2 hivi. Jaribu tena kugusa mara moja. Kazi imeisha, bure.

Kukosa sailensi (injini kunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta) ndiko kunakotisha watu, na wengi wanauziwa sensa mpya hapo. Iko hivi. Throto yako, yaani mlango wa hewa ya injini, ina masizi ya miaka. Kidogo kidogo kompyuta ilikuwa inajifunza kuifungua zaidi ili hewa ipite pembeni ya ule uchafu. Umeme ulipokatika ikasahau hesabu yake, ikarudi kwenye ufunguzi wa kiwandani, yaani wa throto safi. Hewa haitoshi, gari linazima. Safisha throto kwa dawa yake, sio petroli na mswaki wa mtoto. Halafu washa, acha injini ipate moto kabisa bila AC, kama dakika 10 au 15, kisha washa AC uiache tena kidogo. Itajifunza upya.

Taa za ABS na VSC ni habari nyingine. Hapo lazima mashine ya kusoma makosa ya kompyuta isome.

Dada_wa_Gerezani

Nakubaliana na Kijiti. Mimi nauza spea, na kila wiki napata mtu anayekuja kununua sensa au pampu baada ya kubadilisha betri. Nikimuuliza kama gari limesomwa kwa mashine, ananijibu "fundi amesikiliza". Amesikiliza nini, ABS inaongea?

Pampu iliyotumika ya Vanguard hairudishwi ukishaifunga, mwalimu. Nakuambia kama muuzaji.

Mzee_wa_Crown

Kipimo cha haraka cha wazee: washa gari, legeza kichwa cha negativu ukichomoe injini ikiwa inanguruma. Ikizima, altaneta ni mbovu. Ikiendelea, altaneta nzima. Hapo utajua kama tatizo ni chaji.

Fundi_Rewaya

Mzee wa Crown, kwa heshima zote, hicho kipimo kifutwe kwenye huu uzi kabla mtu hajakifanya.

Kilikuwa kipimo cha Datsun na Land Rover za zamani, gari lisilo na kompyuta hata moja. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya altaneta. Ukiichomoa injini ikiwa inafanya kazi, umeme unaruka ghafla juu ya kawaida, unaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya injini, ya ABS, ya airbag, ya usukani. Nimeshaletewa gari lililokuja na taa 1 likaondoka kwa mtu wa namna hii na taa 6. Mita inauzwa bei ya chipsi mayai 2. Weka kwenye betri: gari limezimwa na limepumzika, 12.6 ni betri iliyojaa. Limewashwa, 13.8 mpaka 14.4 ni altaneta inayofanya kazi. Hakuna haja ya kuchomoa kitu.

Mzee_wa_Crown

Nimefanya hivyo miaka 20, sijaunguza kitu.

Fundi_Rewaya

Na mimi nina mjomba aliyevuta sigara miaka 60.

Mwalimu, turudi kwako. Kabla sijasema lolote nijibu haya:

Betri mpya imeandikwa nini ubavuni? Herufi na namba zote, usiniambie "ni ya volti 12".

Ile ya zamani iliandikwa nini?

Vichwa vya waya vimekaa vipi kwenye nguzo za betri? Shika kwa mkono, zungusha. Vinacheza?

Ukiwa umesimama usiku, taa kubwa zinawaka, ukizungusha usukani mpaka mwisho, nini kinatokea?

Sauti_ya_Likoni

Ndugu yangu mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Kuhusu hiyo redio, usivunjike moyo. Hizi redio za Toyota zilizotoka Japani moja kwa moja zina kinga ya mwizi. Ukiondoa umeme zajifunga. Zingine zaandika ERC na kutaka namba ya siri, zingine zataka ile kadi ya ramani ya SD iliyokuja na gari, na hiyo kadi wengi wetu twaitoa tukaweka nyimbo, ikapotea. Kwa yako, iandike ile namba ndefu ya redio iliyo kwenye kioo, uipige picha. Kuna vijana kazi yao ni hiyo tu, wakipewa hiyo namba wakupa ya kufungulia. Ila lipa baada ya redio kufunguka, si kabla. Mimi nililipa kabla, hadi leo nasikiliza injini.

Mwalimu_wa_Zamu (Jumapili, saa 4:05 asubuhi)

Nimerudi wakuu. Kwanza dirisha limekubali. Kijiti, Mungu akubariki, mwanangu mdogo amelipandisha na kulishusha mara 40.

Fundi Rewaya, majibu:

Betri mpya imeandikwa NS60L. Chini yake kwa maandishi madogo 46B24L.

Ya zamani ilibaki Chalinze, ila nina picha yake kwenye simu ya siku nilipoinunua. Imeandikwa 55D23L.

Vichwa vya waya: cha chanya kimekaza. Cha negativu nilipokishika kimezunguka kama mfuniko wa chupa. Nikakitoa. Ndani yake kuna kipande cha kopo la soda kimekunjwa kuzunguka nguzo, bado unaona maandishi mekundu. Na betri yenyewe inacheza kwenye kitako chake, pembeni wamechomeka kipande cha kandambili ya bluu kuibana isitembee.

Nimefanya na lile jaribio la usukani. Taa zinafifia. Na nilisahau kuwaambia: mara 2 hivi usukani umekuwa mzito kwa sekunde moja halafu unarudi, nikadhani ni upepo wa tairi. Kuwasha nako asubuhi injini inazunguka kivivu, kama betri ya zamani, wakati hii ni mpya.

Fundi_Rewaya

Mwalimu, usinunue pampu.

Nitaeleza taratibu maana wengi wanafungiwa betri za namna hii kila siku.

55D23L na 46B24L sio majina ya kampuni, ni vipimo vya Kijapani. Namba ya kwanza ni daraja la nguvu. Herufi inayofuata ni upana na kimo cha betri. Namba inayofuata ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, inakuambia chanya iko upande gani. Betri yako ya asili ni D23: fupi kidogo lakini pana, karibu sentimita 17. Uliyopewa ni B24: ndefu kidogo, nyembamba, karibu sentimita 13. Ndiyo maana ilihitaji ndala. Pengo la sentimita 4 ndilo limejazwa na kandambili.

Sasa nguzo. Betri za D zina nguzo nene. Chanya ni kama milimita 19.5. Betri nyingi za B24 zina nguzo nyembamba, chanya kama 14.7 na negativu 13. Zipo B24 zenye nguzo nene, zinaandikwa S mwishoni, 46B24L(S) au NS60LS. Yako haina S. Vichwa vya waya vya Vanguard vimetengenezwa kwa nguzo nene, kwa hiyo kwenye nguzo nyembamba unakaza mpaka skrubu inafika mwisho na bado kinacheza. Ndipo kopo la soda linapoingia.

Kopo ni alumini, juu lina rangi na ndani lina utando wa kuzuia soda isile bati. Vyote viwili havipitishi umeme vizuri. Kwa taa ya ndani na redio utadhani kila kitu kiko sawa. Vanguard yako haina pampu ya mafuta ya usukani, ina mota ya umeme. Ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, mota hiyo inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, altaneta kwenye sailensi haitoshi peke yake, inaomba msaada kwa betri, na betri inajibu kupitia kopo la soda. Volti zinaanguka kwa nukta ya sekunde. Kompyuta ya ABS na VSC inaona volti zimeshuka, inajitoa kazini na kuwasha taa. Sio kwamba imeharibika. Imekataa kufanya kazi na umeme mbovu, kama wewe ungekataa kufundisha darasa lisilo na paa.

Fanya hivi kuthibitisha. Injini imezimwa, washa taa kubwa na feni. Pima kwanza nguzo kwa nguzo, yaani ncha za mita zigusane na risasi yenyewe ya betri. Kisha pima kichwa kwa kichwa, juu ya klampu za waya. Namba hizo 2 zinatakiwa zifanane. Tuletee jibu.

Kijiti_cha_Oili

Hapa nimevua kofia. Mimi ningeishia kwenye mashine.

Baharia_Mstaafu

Kopo la soda gani? Isije ikawa ndiyo iliyoleta shoti, zingine zina sukari nyingi.

Mama_Aqua

Samahani nadandia. Mimi nina Aqua, wiki iliyopita iliwaka taa zote mpaka ile ya haibridi, nikaambiwa betri kubwa ya haibridi imekufa. Je, inaweza kuwa hivihivi?

Fundi_Rewaya

Dada, Aqua ina betri 2. Ile kubwa, na nyingine ndogo ya volti 12 iliyo chini ya kiti cha nyuma. Ile ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta zote. Ikichoka, gari linaweza kukuwekea taa za kila rangi na betri kubwa iko nzima. Pima ndogo kwanza. Na ukibadilisha, iwe ya aina yake, yenye mrija wa kutolea hewa nje, kwa sababu imekaa ndani ya gari na abiria. Usiwekewe ya kawaida eti "inaingia".

Subaru_Boy_254

Wadau niko Nakuru. Sisi wa Forester tumezoea hii sinema. Check engine ikiwaka tu, taa ya cruise inaanza kublink na ya VDC (ndiyo VSC ya Subaru) inawaka pia, mtu anadhani gari yote imeharibika. Kumbe ni kosa moja la injini, gari inazima hizo zingine kwa usalama. Mimi nilikuwa nimeambiwa nibadilishe ABS module. Ilikuwa kifuniko cha tenki hakijafungwa vizuri.

Dereva_wa_Bimmer

Kwa wenye BMW za kuanzia miaka ya 2000 na kitu, betri mpya lazima isajiliwe kwa mashine ili gari lijue ni mpya na libadili namna ya kuichaji. Usipofanya hivyo linaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu. Taa ya DSC (ndiyo VSC ya BMW) ikiwaka baada ya kufunga betri, mara nyingi kuzungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mwisho kulia, kisha katikati, inazima yenyewe.

Mzee_wa_Crown

Na wenye Mazda za i-stop msibebe betri yoyote tu. Ile imeandikwa Q-85 au namba za namna hiyo, imetengenezwa kwa kuwasha na kuzima kila kwenye taa za barabarani. Ya kawaida inakufa mapema na i-stop inagoma. Hili nalijua kwa uhakika, Fundi Rewaya, usinijibu na mjomba wako.

Fundi_Rewaya

Hapo sina neno mzee wangu. Sahihi kabisa.

Mwalimu_wa_Zamu (Jumapili, saa 11:40 jioni)

Nimeazima mita kwa mwalimu wa fizikia, naye amekuja nayo mwenyewe maana hakutaka kupitwa.

Nguzo kwa nguzo: 12.4. Kichwa kwa kichwa: 12.0. Akasema "hizo volti 0.4 ziko kwenye kopo." Tukapima upande wa negativu peke yake, ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye kichwa cha waya. Karibu 0.4 yote iko pale. Upande wa chanya hakuna kitu.

Akaniambia tena: hizo ni taa na feni tu, kama ampea 20. Stata inavuta mara nyingi ya hapo, kwa hiyo hasara inakuwa volti 3. Ndiyo maana injini inazunguka kivivu. Nimefundisha naye miaka 6, leo ndiyo nimemwelewa.

Fundi_Rewaya

Mwalimu wa fizikia apewe nishani.

Sasa una njia 2. Ya kwanza, ukatafute vijaluba vya shaba au risasi vinavyovalishwa kwenye nguzo nyembamba kuzinenepesha, vipo maduka ya spea, bei ndogo. Itafanya kazi, lakini betri bado ni nyembamba na itacheza. Betri inayocheza inapasuka sahani za ndani kwa mtikisiko. Njia ya pili ni kununua 55D23L au ya juu yake kidogo ya umbo hilohilo, halafu vyuma vya kuishikilia vifungwe inavyotakiwa. Mimi ningefanya ya pili.

Wakati wa kufunga: toa negativu kwanza, rudisha negativu mwisho. Spana namba 10 tu. Ukishatoa, subiri kama dakika moja na nusu kabla ya kugusa waya wowote wa karibu na airbag. Na kabla ya yote soma chanya iko upande gani. Kosa hilo moja la kugeuza linachoma fyuzi kubwa iliyokazwa kwa boliti kwenye boksi la injini, na bahati ikiwa mbaya, daiodi za altaneta nazo.

Ukimaliza nenda kasome kwa mashine inayofika mpaka kwenye ABS. Kale kadude ka bluetooth ka kuchomeka mara nyingi kanasoma injini tu.

Dada_wa_Gerezani

Mwalimu ukitaka hivyo vijaluba tunaviita "soksi za betri". Ukisema hivyo dukani utaeleweka.

Kijana_wa_Ubungo

Kwani si atoe betri nusu saa halafu arudishe, makosa yote yanafutika? Mimi huwa nafanya hivyo.

Kijiti_cha_Oili

Mkuu, hiyo inafuta ya injini kwenye baadhi ya magari, na inafuta pia ushahidi. Sababu ikiwa bado ipo, taa inarudi keshokutwa na fundi hana pa kuanzia. Na utaanza tena dirisha, sailensi na redio. Kwa ABS na VSC za Toyota mara nyingi haifuti kitu.

Mzaramo_Og

Bora nyie. Mimi nilinunua IST kwa mtu, dashibodi safi, haina taa hata moja. Mwezi wa pili nikaja kugundua hata nikiweka swichi bila kuwasha injini, taa ya airbag haiwaki kabisa. Kufungua, balbu imetolewa. Siku hizi nikienda kununua gari naweka swichi kwanza nihesabu: taa zote ziwake, kisha zizime moja moja. Isiyowaka mwanzoni ndiyo ninayoulizia.

Mwalimu_wa_Zamu (Jumatano, saa 2:15 usiku)

Wakuu mrejesho.

Nimenunua 55D23L. Muuzaji alitaka kunipa R, "zote sawa tu mwalimu", nikamwonyesha picha kwenye simu akarudi stoo kimyakimya. Tumefunga na mwalimu wa fizikia. Vichwa vimekaa, navizungusha kwa mkono havisogei. Kile chuma cha kushikilia betri, ambacho kijana wa Chalinze alikiacha kinaning'inia, kimefungwa. Kipimo cha nguzo kwa nguzo na kichwa kwa kichwa: 12.6 kwa 12.6. Gari limewashwa 14.1. Usukani nimeuzungusha nimesimama, taa hazitikisiki.

Throto nimesafishiwa, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya makande. Sailensi imetulia.

Leo nimepeleka kwenye mashine, 30,000. Akasoma kodi (sio za TRA). Injini ilikuwa na P0560, umeme wa mfumo. Kwenye ABS kulikuwa na C1241, umeme wa chini. Akafuta zote, hazikurudi. Cheki injini na ABS zimezima, furaha ikaanza kunipanda.

Lakini VSC na kigari kinachoserereka ziligoma. Zimebaki C1210 na C1336. Kijana wa mashine akaniuliza, "Kuna mtu alichomeka waya hapa?" Nikamsimulia ya Kihonda. Akatikisa kichwa bila kusema kitu.

Fundi Rewaya, hizo ni nini? Amesema nirudi kesho asubuhi na gari likiwa tupu, bila mkaa.

Fundi_Rewaya

Kijana wako anaijua kazi. Mpe hela yake.

Ndani ya gari kuna sensa inayopima gari linavyogeuka na linavyoegemea. Ili ijue gari linaserereka, lazima kwanza ijue "kusimama wima" kunafananaje. Hiyo ndiyo sifuri yake. Ile soketi ya chini ya usukani, ukiunga pini ya Ts na ya CG, namba 12 na namba 4, mara kadhaa kwa haraka, unafuta sifuri hiyo. Ni utaratibu halali kabisa wa Toyota, ila una nusu ya pili: baada ya kufuta unatakiwa uweke sifuri mpya, gari likiwa mahali tambarare, usukani umenyooka, hakuna anayeligusa. Fundi wa Kihonda alifanya nusu ya kwanza. C1210 na C1336 ni gari linasema "sijawekewa sifuri". Hakuna kilichoungua.

Ndiyo maana amesema tupu. Ukiweka sifuri gari limeinama kwa gunia, gari litaamini kuinama ndiyo kunyooka.

Na nyie mnaosoma, msiende kuchomeka waya kwa kukisia. Pini ya 16 hapohapo ina umeme wa betri muda wote. Ukiiunga na ya 4 umeichoma fyuzi, na mashine haitasoma tena mpaka uitafute.

Kijana_wa_Ubungo

Nimeshachomoa waya wangu taratibu.

Mwalimu_wa_Zamu (Alhamisi, saa 3:30 asubuhi)

Imechukua dakika 5, nyingi zikiwa za kutafuta mahali tambarare. Tumeishia kwenye sakafu ya zege nje ya godauni. Akaniambia nishuke na nisiegemee mlango. Akabonyeza, taa ya VSC ikapepesa haraka haraka, akazima, akawasha. Dashibodi safi. Nimetoka naye mpaka Nanenane na kurudi, kona, matuta, breki ya ghafla kwenye vumbi. Nimeisikia ABS ikitetemesha pedali, sijawahi kufurahia mtetemo namna ile.

Jumla nimetumia betri, dawa ya throto na 30,000 ya mashine. Leo hakuongeza hata mia. 850,000 haijaguswa, SACCOS wameniona kwa mbali tu.

Redio bado. Kijana wa namba anataka alipwe kwanza, nimemtumia ujumbe wa ndugu yetu wa Likoni.

Sauti_ya_Likoni

Shikilia hapohapo mwalimu, asikuyumbishe.

Mzee_wa_Crown

Hongera. Na yule fundi wa Kihonda umemwambia?

Mwalimu_wa_Zamu

Nilipita. Nikamweleza habari ya sifuri kwa upole tu, mtoto wake yuko darasani kwangu. Akasikiliza, mwishoni akaomba namba ya Fundi Rewaya.

Baharia_Mstaafu

Mwalimu ile NS60 unaiuzaje? Nina Vitz inalia.

Mwalimu_wa_Zamu

Umechelewa baharia. Iko bandani, inawasha taa za vifaranga. Na kopo lake bado liko pale pale, wao hawana usukani wa umeme.